Nusu ya Hadithi Iliyobaki Mahameni

Nilipomaliza chuo cha ualimu mjini Korogwe nilipangiwa shule ya kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, safari ya asubuhi nzima kwa miguu kutoka Misima. Nilikwenda kwa moyo mweupe. Baadhi ya wenzangu waliomba kubaki mjini. Mimi nilikuwa nimejiahidi kwamba kama taifa linajengwa vijijini, basi nami nitakuwa huko linakojengwa. Nilibeba sanduku la bati, kanga zangu, taa ya chemli, na rundo la hadithi nilizokuwa nimeziandika mwenyewe.

Hadithi hizo zilihusu zama za kale za maajabu. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa kusoma kitu anachokipenda, na shule nyingi hazikuwa na kitabu chochote cha kupendwa. Kwa hiyo kila likizo niliandika. Kulikuwa na sultani mwenye jumba la dhahabu, jini aliyelinda chemchemi, binti aliyefungiwa mnarani. Nilikuwa nimekulia Kilole, katika nyumba ya mkata mkonge aliyetoka mbali, na bibi wa kunisimulia sikuwa naye. Hadithi nilizipata katika vitabu vya kuazima vilivyochanika majalada, na ndiyo maana kale yangu ilijaa minara, ingawa sijapata kuuona mnara hata mmoja, ukiacha ule wa msikiti.

Wiki ya kwanza nikalisomea darasa la saba hadithi ya sultani. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Nilipomaliza, msichana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono.

"Mwalimu, shamba la huyo sultani lilikuwa wapi?"

"Masultani hawalimi," nikamjibu.

"Basi alikuwa akila cha nani?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka, ingawa kwa aibu kidogo. Lilikuwa swali ambalo mimi, mwalimu wa siasa ya ujamaa, nilipaswa kuwa nimejiuliza kabla ya kushika kalamu.

Baada ya vipindi msichana yule alinifuata. Alisema kwamba na yeye anayo hadithi ya kale, tena ya nchi hii hii, isiyo na sultani. Ila anayo nusu tu.

Nilimwomba anisimulie hiyo nusu. Aliketi kwenye ngazi ya darasa, akainamisha kichwa kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mchangani.

Zamani hizo, alisema, vilima havikuwa vimetulia. Mchana vilikaa, lakini jua likishaegemea viliinuka na kwenda kutafuta maji, na mtu aliyelala chini ya kilima aliweza kuamka akiwa uwandani. Moto ulikuwa juu milimani peke yake. Huku chini watu walikausha nafaka juani wakaitafuna hivyo hivyo, na wakati wa baridi walikumbatia mbuzi. Akatokea msichana mmoja akatia makaa katika kigae cha chungu, akashuka nayo. Alipofika Ruvu, huu mto ambao ramani huuita Pangani, mto ukamwuliza atalipa nini. Hakuwa na kitu ila moto na jina lake. Moto hakuutoa. Akatoa jina. Mto ukalimeza, na mpaka leo maji yanalitamka, lakini hakuna anayelisikia vizuri. Msichana akavuka. Upande wa huku vilima vitatu vidogo, mayatima, viliona joto la kigae vikaanza kumfuata nyuma kama wana-mbuzi. Akafika kwenye nyumba ya kwanza, akasimama mlangoni, akabisha hodi. Kutoka ndani sauti ikauliza: "Nani?"

Hapo msichana wa dawati la nyuma aliinua kichwa.

"Halafu?"

"Halafu lori likaja, mwalimu."

Bibi yake alikuwa akimsimulia hadithi hiyo kidogo kidogo katika msimu mzima wa mavuno, kila jioni kipande chake, kwenye mafiga ya nyumba yao ya zamani. Jioni ya mwisho hadithi ilifika kwenye mlango. Asubuhi yake, katika operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, lori lilikuja mapema kuliko walivyoambiwa. Walipakia mitungi, kinu, kuku na milango. Mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia chungu, yalibaki. Na tangu wahamie kijijini bibi hakusimulia tena. Alipika kwenye matofali aliyopewa na majirani, na akiombwa hadithi alisema: "Moto huu haunijui."

Nilidhani ni huzuni ya kawaida ya mzee aliyehamishwa, ambayo muda utaiponya. Niliiheshimu, lakini sikuitilia uzito. Uzito ulikuja baadaye mwaka ule, majibu ya mtihani yalipotoka na msichana yule akawa amechaguliwa kwenda sekondari ya bweni, Korogwe. Hakuna msichana wa shule yetu aliyewahi kuchaguliwa. Mwalimu mkuu alipiga kengele wakati usio wake ili atutangazie. Watoto walirusha kofia. Yeye mwenyewe alitabasamu, akashukuru, na siku iliyofuata alikuja nyumbani kwangu kuniambia kwamba hatakwenda.

"Baba amekataa?" nilimwuliza, kwa kuwa hilo ndilo nililolitarajia.

"Baba amefurahi, ameshatafuta sanduku. Ni mimi, mwalimu. Kwenda Korogwe ni lazima nivuke Ruvu."

"Kuna daraja."

"Najua kuna daraja. Bibi alisema mtoto wa kike wa ukoo wetu asivuke Ruvu akiwa na nusu ya hadithi. Mto utamwuliza nani, na yeye hatakuwa na jibu. Ataacha jina lake pale."

Nilikuwa na majibu mengi ya kisayansi. Nilimpa yote. Aliyasikiliza kwa adabu ile ile aliyomsikilizia sultani, na mwisho akasema kwamba anajua maji ni maji. "Lakini nitakuwa kule peke yangu miaka minne, mwalimu. Sitaki kuwa huko huku nimesimama mlangoni."

Maneno hayo yalininyima usingizi. Shule zilikuwa zinafungwa, na mwezi Januari asiporipoti nafasi yake ingepewa mwingine. Nikafanya lile nililolijua: nikaandika mwisho wa hadithi. Katika mwisho wangu wenye nyumba walifungua mlango bila kuuliza zaidi, wakaitisha mkutano wa watu wote, moto ukagawanywa sawa kwa sawa na vilima vitatu vikakubali kutulia ili vichimbwe mifereji. Nilipoisoma kwa darasa siku ya mwisho ya muhula wavulana walipiga makofi. Msichana alisubiri makofi yaishe.

"Nzuri, mwalimu. Lakini walipouliza nani, alijibu nini?"

Nilitazama karatasi. Sikuwa nimeandika.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda kwa bibi mwenyewe.

Lazima nieleze kwamba mimi na bibi yule tulikuwa tumeshaonana mara nyingi, na kila mara niliondoka nimechoka. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokosa kitu. Alihudhuria darasa langu la kisomo cha watu wazima bila kukosa, akajifunza herufi upesi, na akanisumbua upesi zaidi. Siku ya kwanza kabisa alikuwa ameniuliza kwetu ni wapi.

"Kilole, bibi. Korogwe."

"Na kabla ya Kilole?"

"Bibi, mimi ni Mtanzania."

Niliona fahari kulisema hilo. Tulikuwa tumekubaliana chuoni, kikundi cha wanafunzi wenye nia moja, kwamba hakuna kati yetu atakayetaja kabila lake akiulizwa. Tuliona wazi kwamba nchi changa haiwezi kujengwa na watu wanaoulizana makabila. Bibi alinitazama kwa huruma.

"Na Mtanzania huzaliwa na nani? Na Serikali?"

Tangu hapo hakuniacha. Nikipita alisema mbele ya watu: "Mtazameni mwalimu anavyotembea, shingo wima kama amebeba mzigo wa watu." Nikila alisema: "Kwao hawajui wali, wanajua njia tu." Mara moja, mbele ya darasa zima la watu wazima, aliniita mtumwa wake aliyepotea. Watu wazima walicheka kwa furaha. Mimi nilijibu kama nilivyofunzwa kujibu wazee: "Samahani, bibi." Kila nilipoomba samahani niliona uso wake ukififia kidogo, kama mtu aliyerusha mpira ukadondoka bila kudakwa. Nilidhani hanipendi.

Kwa hiyo siku ile nilikwenda kwa tahadhari. Nilimkuta akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtanzania hajambo?"

Nilimweleza juu ya mjukuu wake, nafasi ya sekondari na mwezi Januari. Nilimwomba amalizie hadithi, hata kwa maneno machache, hata pale pale alipokaa. Aliweka ungo chini. Hakukuwa na mzaha usoni mwake.

"Mwalimu, unadhani namnyima? Yule ni jicho langu. Hadithi ile mwisho wake hausimuliwi kwenye moto wa kuazima. Ingekuwa kuhama kwa kawaida, mtu anahama na figa moja, lile linalotazama mlango, na mengine mawili anayapata anakokwenda. Ndivyo moto unavyojuana na moto. Sisi tulihamishwa kama magunia."

"Basi nikalichukue. Au baba wa mtoto akalichukue."

"Mwenyewe habebi figa lake. Wala ndugu yake. Wala jirani, maana hapa sote tu ndugu."

"Sasa nani hubeba?"

Bibi alinitazama kwa muda mrefu. Nilihisi kwamba ananiuliza kitu, na sikujua ni kitu gani.

"Anayebeba haombwi," alisema. Akaokota ungo wake.

Likizo ilipoanza nilikwenda Kilole kumsalimu baba. Alikuwa ameacha kukata mkonge, anafuga kuku na kusuka kamba, mikono yake ingali na makovu ya miiba. Tulipokuwa tukila nilimsimulia habari nzima, pamoja na matusi ya bibi, kwa uchungu wa mtu aliyejitahidi na asithaminiwe. Baba aliacha kutafuna.

"Mzigua amekuita mtumwa wake?"

"Mbele ya watu."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikaomba samahani."

Baba alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alijaribu kuzungumza, akacheka tena. Mwisho alijifuta macho kwa kiganja.

"Mwanangu, chuoni walikufundisha nini? Sisi ni Wanyamwezi. Wazigua ni watani wetu tangu babu zetu wanapita huku na mizigo kichwani kwenda pwani. Amekutambua kwa mwendo na kwa hiyo shingo yako. Mwaka mzima bibi wa watu anakutukana ili umjibu, na wewe unaomba samahani! Amekufikiria nini, maskini? Amedhani unamkana."

Nilimwuliza kuhusu figa.

"Mtani hubeba. Akifa Mzigua, nani anaosha vyombo na kuchekesha waliofiwa? Mtani. Akihama, nani anabeba figa? Mtani. Lakini hawezi kukuomba. Mtani akiombwa si mtani tena, ni kibarua. Unakwenda mwenyewe, unamtukana, unachukua." Akanitazama kwa wasiwasi. "Utaweza kutukana, lakini?"

Sikuwa na hakika. Nilirudi kwa basi nikiyapanga matusi yangu kichwani kama maandalio ya somo, nikiyakataa moja baada ya jingine kwa kukosa heshima. Njiani nilijadiliana pia na dhamiri yangu. Nilikuwa nimekataa kutaja kabila kwa sababu niliogopa litatugawa. Sasa naambiwa kwamba katika nchi hii hii, kabla hatujapata bendera, watu wa mbali kabisa walikuwa wameshapatana namna ya kuzikana na kubebeana mawe, na kwamba mapatano yao yalihifadhiwa katika dhihaka. Niliona kwamba hilo halipingani na niliyoyaamini. Niliona pia kwamba kuliingiza katika somo la siasa kutanihitaji kufikiri upya.

Nilimkuta bibi mahali pale pale, na ungo ule ule. Majirani wawili walikuwa wakisuka ukili kando yake. Sikutoa shikamoo.

"Nimesikia," nikasema, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, "kwamba Wazigua ni wavivu hata wa kubeba mawe yao wenyewe. Wanayaacha porini kisha wanakaa wanalia moto hauwajui. Moto gani utamjua mtu mwenye uso kama kifuu?"

Wale majirani waliacha kusuka. Bibi aliinua kichwa polepole. Niliona mtama ukimwagika kutoka kwenye ungo, na hakuujali.

"Mnyamwezi," alisema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti ya kuita kijiji: "Mnyamwezi! Kumbe ulikuwa unasikia! Mwaka mzima najikausha koo namtukana mtu, nasema labda ni kiziwi, labda ni mlokole!"

"Nilikuwa nakusubiri uchoke."

"Nichoke na mtumwa wangu? Njoo hapa, mtembea njia wewe, nione kama hiyo shingo bado inafaa kazi."

Alinishika mikono miwili. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vya moto, na havikuniachia upesi.

Lilibaki jambo la ruhusa. Kurudi mahameni, kwenye makazi yaliyohamwa, kulikuwa kumekatazwa, kwa sababu watu waliosema wanafuata muhogo tu walikuwa wakionekana wameezeka upya na kulala huko. Nilikwenda ofisini kwa katibu wa kijiji. Alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa mahame yale yale, aliyefanya kazi mpaka macho yakawa mekundu ili kijiji kile kisife.

"Mwalimu," alisema, "wewe unafundisha siasa. Leo unaniomba ruhusa ya kufuata jiwe?"

"Naomba ruhusa ya kumpeleka mwanafunzi wetu sekondari. Jiwe liko njiani."

Alikuna kidevu. "Nikikuruhusu wewe, kesho wote wana mawe."

"Kesho wote wana mafiga yao. Wakiwa na mafiga yao hapa, watarudi kule kufanya nini?"

Hilo lilimfikirisha. Alikubali kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atafuatana nasi na kuhakikisha tunarudi.

Tuliondoka asubuhi, bibi mbele na fimbo yake, mjukuu, mimi, na katibu nyuma akiwa amevaa suti yake ya mikutano. Mahame yalikuwa yameanza kumezwa. Majani yalitufika kiunoni. Nyumba ya bibi ilibaki boma la miti lisilo na paa, na mboga ya maboga ilikuwa imejitambalia mpaka kizingitini, imezaa. Katikati ya kilichokuwa jiko mafiga matatu yalikaa kama walivyoyaacha; bibi alisema yamepeana migongo kwa baridi. Bibi alisimama mbele yake. Alisoma dua kimya kimya, mikono wazi. Kisha akanionyesha kwa fimbo lile linalotazama mlango.

Niligeuka nimwambie katibu kitu, nikamkosa. Alikuwa amesimama hatua kadhaa mbali, chini ya mchungwa, katika boma jingine. Alichuma chungwa moja, akalimenya kwa kucha, akalila taratibu akitazama mahali palipokuwa na mlango. Hakuna kati yetu aliyemwita. Aliporudi alikuwa na machungwa mengine katika mifuko ya suti, akatugawia.

Nilisuka kata ya majani, nikaiweka kichwani, nikainama. Figa lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, jeusi upande mmoja, na lilinuka moshi wa miaka yote ile. Katibu alinyoosha mikono anisaidie.

"Wewe acha," bibi alimkaripia. "Mwenzetu wewe. Mwache mpagazi afanye kazi yake."

"Mpagazi anataka ujira," nikasema kutoka chini ya jiwe.

"Nilijua. Wanyamwezi hamna cha bure. Jogoo wangu mwekundu unamwona?"

"Simtaki jogoo, mwembamba kama mwenyewe. Nataka mwisho wa hadithi. Leo, na mtoto huyu akiwepo."

Baba alikuwa ameniambia kwamba mtani haombi, anachukua. Bibi alikunja uso, akagonga fimbo chini, akalalamika kwamba bei ni kubwa, kwamba wazazi wake walilipa kuku kwa jiwe kubwa kuliko hili. Lakini alipotangulia kurudi nilimwona akitembea kama mtu mwenye umri wa mjukuu wake.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, figa lilipandwa kwenye jiko jipya likitazama mlango. Bibi aliwasha moto mwenyewe. Watoto wa majirani walikuja kila mmoja na ukuni wake, na katibu akaja na wake, akakaa nyuma ya watoto.

"Sogezeni kuni," bibi alisema.

"Zimesogea," tukaitika.

"Msichana yuko mlangoni. Wamemwuliza nani. Je, alijibu?"

"Hakujibu."

"Hakujibu. Mtu asiye na jina atajibu nini?"

Mlango haukufunguliwa. Msichana alibisha nyumba ya pili, na ya tatu. Kila nyumba iliuliza nani, na kila nyumba ilinyamaza aliponyamaza. Makaa yalibaki mekundu kidogo tu katikati. Akaketi njiani, na vilima vitatu vikamzunguka vikitetemeka. Ndipo akatokea msafiri kutoka machweo ya jua, na mzigo wa chumvi kichwani, mrefu kama nyumba. Hakumsalimu. Alisema: "Wewe mwenye nywele za majivu, umekaa njiani kama samadi. Sogea watu wapite." Tangu mto umeze jina lake hakuna aliyekuwa amemsemesha hata neno moja la kumhusu yeye. Msichana akawaka hasira. Akajibu: "Kichwa kimebonyea kwa mizigo, utaiona njia wapi?" Msafiri akamtukana macho. Yeye akamtukana miguu. Wakaendelea hivyo mpaka wakaanza kucheka, na vilima navyo vikacheka, na kwa kucheka vikasinyaa, vikasinyaa, vikawa mawe matatu ya kutosha kuzunguka chungu.

"Msafiri akasema, 'Niliyemtukana akanijibu, huyo namjua.' Akaliinua jiwe moja akaliweka juu ya chumvi yake. Akaenda mlangoni. Hodi. Nani? Akasema nini, watoto?"

Bibi alinitazama juu ya moto.

"Akasema, 'Mimi na mtani wangu.' Na mlango ukafunguliwa."

Msichana wa dawati la nyuma aliuachia ukuni aliokuwa ameushika tangu mwanzo.

"Na jina lake, bibi?" aliuliza. "Lilirudi?"

"Liko mtoni mpaka leo. Halikurudi, na yeye hakulirudia. Mto ukikuuliza, wewe sema, mimi ni mtani wa mtu. Utapita. Vuteni kuni."

"Zimevutwa."

Tangu siku ile sijaandika tena mnara. Bado naandika hadithi za kale za maajabu, na bado natumaini siku moja zitachapwa ili shule kama ile ziwe na kitabu cha kupendwa; lakini siku hizi, kabla sijamtia mtu katika hadithi, najiuliza anakula cha nani, na nani atambebea jiwe lake. Nikiulizwa kwetu ni wapi, ningali najibu kwamba mimi ni Mtanzania. Ila sasa nasubiri kidogo, nione kama anayeniuliza ana sababu.

Mwezi Januari nilimsindikiza. Basi lilijaa, akakaa dirishani, mimi pembeni yake, sanduku lake la bati juu ya keria. Tulipokaribia daraja la Old Korogwe dereva alipunguza mwendo. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya udongo, yakipiga kelele chini ya mbao. Msichana alitazama mbele. Aliushika mkono wangu, na midomo yake ikasogea mara moja, bila sauti. Upande wa pili alinyoosha vidole, akashusha pumzi, akaniuliza kama bweni lina vitanda vya juu na chini, na kama mtu anaweza kuchagua cha juu.

Stendi, utingo alishusha sanduku akaliweka vumbini. Lilikuwa zito, bibi alikuwa amelijaza mtama na maboga makavu. Nilisubiri alinyanyue. Alilitazama, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliyaona macho ya bibi yake usoni mwake.

"Mnyamwezi," alisema, "umesimama nini? Beba, watu wapite."

Nikasokota kanga yangu kuwa kata, nikainama.